Nilivyolianika Tumbo Juani

Sidiria haikufunga. Fundi alijaribu mara ya kwanza, akaniambia nivute pumzi ndani, akajaribu ya pili, na kulabu ikabaki mbali na kitanzi chake kwa upana wa vidole vinne. Nilikuwa nimesimama katikati ya chumba kilichojaa manyoya ya rangi ya chungwa, mtaa wa Woodbrook, Port of Spain, kanga kiunoni, mikono juu kama mtu aliyekamatwa. Ilikuwa Ijumaa, tarehe 17 Februari 2023. Karnivali ya Trinidad, sherehe ya muziki na mavazi ya kisiwa hicho cha Karibi, ilikuwa inaingia barabarani Jumatatu alfajiri, na vazi nililolilipia kwa awamu miezi mitano lilikuwa limenikataa.

Sababu niliijua. Kwenye fomu nilijaza vipimo vya zamani, vya mwili niliokuwa nao kabla sijapasuliwa. Nilivijaza usiku baada ya zamu, nimechoka, nikijiambia kwamba hadi Februari nitakuwa nimepungua.

Fundi alikuwa mama wa makamo, miwani yake inaning'inia kifuani kwa kamba. Hakunipa pole, wala hakunisifia umbo. Alichukua koleo, akakata waya ulioshika kikombe cha sidiria, akaukunja upya kufuata titi langu lilivyo, akaunga kipande cha mkanda mgongoni na kukifunika kwa vito vya kubandika na gundi ya moto. Kisha akahamia mkanda wa kiunoni. Akasogeza kanga kidogo, akaliona kovu.

Kovu langu linaanza chini kidogo ya kitovu na kushuka moja kwa moja. Ni jeusi na limetuna kama kamba ya mkonge. Nililifunika kwa kiganja bila hata kufikiri. Akauondoa mkono wangu polepole, akauliza swali moja: hapa panauma pakisuguliwa? Nikamwambia panauma, hasa kukiwa na joto. Akakata kipande cha sponji, akakibandika upande wa ndani wa mkanda, akapima kwa vidole viwili kama kimekaa sawasawa juu ya kovu, akaniambia nitembee mpaka mlangoni na kurudi. Nikatembea. Mkanda haukunigusa.

Kovu lile lilikuwa limeshaonwa na madaktari na wauguzi, na kila aliyeliona aliliona kama habari ya ugonjwa. Mama yule aliliangalia kama fundi anavyoliangalia bega lililoshuka upande mmoja: ni kipimo, nacho lazima kiingie kwenye nguo. Machozi yalinitoka pale pale. Akanipa kitambaa cha kufutia gundi nijifutie uso, akaita anayefuata.

Mimi ni mtu wa Tanga. Naishi London mwaka wa kumi na tatu sasa, kazi yangu ni kutunza wazee. Mwaka 2021, korona ikiwa bado inatutesa, nilipasuliwa kutolewa uvimbe kwenye kizazi, na kizazi chenyewe kikatoka nao. Nilikuwa na miaka arobaini na moja. Sitaeleza mengi kuhusu siku zile. Niseme tu kwamba nilitoka hospitalini na tumbo ambalo sikulijua, linaloning'inia juu ya mshono, na kwa mwaka mzima nilioga nikiwa nimeupa kioo mgongo.

Kwetu mwili wa mtu huongelewa hadharani. Unashuka tu kwenye basi, unaambiwa umenenepa, umekwisha, umenawiri, umekuwa bonge. Mara nyingi husemwa kwa mapenzi. Nilipokwenda nyumbani mwishoni mwa 2021, shangazi mmoja wa mbali alinisifu kwamba Ulaya imenikubali, na moyo wangu ukatulia kidogo. Siku ya tatu tulikuwa harusini. Mama mmoja tuliyesoma naye akaja kunisalimia, akaniwekea kiganja tumboni mbele ya watu, juu kabisa ya kovu, akasema, "Hongera shoga, wa miezi mingapi?" Hakuwa na nia mbaya. Nilimwambia ahsante. Nilikwenda nyuma ya jiko, nikakaa juu ya gunia la mkaa mpaka taarab ilipoanza.

Tangu siku ile nilianza kuvaa nguo pana, na hata joto la Julai sikuvua sweta. Uso ulikuwa wangu, mikono ilikuwa yangu maana inafanya kazi, lakini kuanzia kifua kushuka mpaka magotini nilikuwa nabeba mzigo wa mtu mwingine.

Aliyenitoa huko ni mwenzangu wa zamu ya usiku, muuguzi mzaliwa wa Trinidad. Jumatatu ya mwisho ya Agosti 2022, Karnivali ya Notting Hill, hapo hapo London, iliporudi barabarani baada ya kukosekana miaka miwili, alinivuta tukasimame Ladbroke Grove. Nilikwenda kuangalia tu. Nikamwona mama mmoja, mzito kuliko mimi, mapaja yake yana michirizi mpaka magotini, mabawa ya buluu mgongoni. Alikuwa anapita mbele yangu taratibu, macho yamefumba, mdomo unaimba. Nyama yote iliyokuwa inatikisika ilikuwa inatikisika kwa mdundo. Nilimfuata kando ya barabara kama mtoto anavyofuata bendi, hata mwenzangu akanipoteza. Jioni nilimuuliza: huku kunaingiwaje?

Akacheka, akasema kama nataka kuingia, niingilie mlango wa mbele. Nyumbani kwao. Mama yake ana chumba.

Nyumba ya mama yake iko Belmont, mtaa wa vilima vidogo na nyumba za mbao, mwendo mfupi tu kutoka uwanja mkubwa wa Queen's Park Savannah. Kila mtu mtaani anamwita Tantie, yaani shangazi, nami nikamwita hivyo hivyo. Ana miaka sabini na kitu. Yeye alikuwa ananiita doux-doux, neno la Kifaransa cha zamani lililobaki vinywani mwao, maana yake mpenzi, kipenzi. Siku niliyofika alinipakulia sahani, nikashangaa: wali wa rangi ya kahawia, mbaazi, nazi, vipande vya kuku vilivyopigwa sukari ya kuungua. Wanaita pelau. Nikamwambia kwetu tunaita pilau, na mbaazi za nazi tunazila na mandazi asubuhi. Tukaongea chakula mpaka usiku wa manane, na kwa mbali tukisikia bendi za mapipa ya chuma zikifanya mazoezi ya shindano la Jumamosi.

Belmont hiyo hiyo ndiko alikozaliwa Claudia Jones mwaka 1915. Jina lake nililijua London, maana Karnivali yetu ya Uingereza chimbuko lake ni yeye. Alikulia New York, akafungwa jela Marekani kwa ajili ya siasa zake za kikomunisti, akafukuzwa nchini humo mwaka 1955, akaingia Uingereza, akaanzisha gazeti la watu weusi. Mwaka 1958 makundi ya vijana wa Kizungu yaliwashambulia watu weusi mitaani Notting Hill usiku baada ya usiku. Claudia na wenzake wakajibu kwa kufanya Karnivali ndani ya ukumbi wa manispaa wa St Pancras, tarehe 30 Januari 1959, katikati ya baridi, na BBC wakairusha. Sherehe ya mitaani Notting Hill ilikuja baadaye, mwaka 1966. Ninachokipenda zaidi katika habari hiyo ni kwamba pale St Pancras walichagua pia malkia wa urembo. Mtu anaweza kuona ni upuuzi, watu wametoka kupigwa halafu wanavaa mataji. Mimi naona alijua anachofanya. Aliyekuwa anapigwa mtaani alikuwa anapigwa kwa sababu ya mwili wake, ngozi yake, nywele zake. Claudia akaupandisha mwili huo jukwaani, akautilia taa.

Na huko kwao Trinidad hilo lilikuwa na historia yake. Miaka ya 1950 malkia wa Karnivali alikuwa karibu kila mara msichana mweupe au wa rangi ya maji ya kunde, naye alipewa zawadi ya maelfu. Mwimbaji Mighty Sparrow alipotwaa taji la mfalme wa kalipso, muziki wa Karnivali wa huko, mwaka 1956 alipewa dola 40. Mwaka uliofuata aligoma kushindana. Tantie alikuwa mtoto wakati huo, na anasema mama yake aliisimulia habari ya zile dola 40 mpaka anakufa.

Usiku wa Jumapili hatukulala. Saa kumi alfajiri ndipo J'ouvert inapoanza, na jina lenyewe ni Kifaransa kilichokatwakatwa, mapambazuko. Mavazi ya manyoya hayahusiki hapo. Unavaa nguo ya kutupa, unakwenda kupakwa tope. Wengine hujipaka rangi, wengine mafuta meusi, wengine kakao iliyoyeyushwa. Tulishuka kuelekea mjini gizani, mimi, mwenzangu na majirani wanne, na kwenye kona ya kwanza mtu nisiyemjua akanitumbukizia mikono miwili ya tope la baridi mabegani, akaniambia asubuhi njema.

Lazima nieleze tope lile. Lilikuwa jepesi kama uji, lina harufu ya mfereji na ya mvua. Lilitiririka mgongoni, likaingia kwenye suruali, likanigandama tumboni. Baada ya nusu saa hapakuwa na mnene wala mwembamba, mweusi wala mweupe; tulikuwa watu wa rangi moja, na meno. Fulana yangu ilikuwa nzito kwa maji, nikaipandisha na kuifunga fundo chini ya matiti kama walivyofanya wenzangu. Tumbo likatoka nje. Mama mmoja akalipaka konzi ya tope na kuendelea na safari yake. Kile kiganja cha harusini nilikikumbuka, nikangoja uchungu wake uje. Haukuja.

Mwendo wa J'ouvert wanauita chipping: unaburura miguu kwa mdundo, hatua fupi, kisigino kinasaga lami, magoti yamelegea. Unaweza kwenda hivyo kwa muda wa saa tano bila kuchoka. Wana pia Dame Lorraine, na huyo nilimwona kabla jua halijachomoza: mtu aliyejifunika uso, gauni refu la kizamani, ndani ameshindilia mito, kifua kama matikiti, makalio kama meza. Tantie alinieleza asili yake. Waliokuwa watumwa walikuwa wanawaigiza mabibi wa Kifaransa wa mashambani, maringo yao na maungo yao. Mashamba yale yalijaa Wafaransa baada ya mwaka 1783, mfalme wa Hispania alipowakaribisha Wakatoliki wa nje waje na watumwa wao. Mabwana wakawa wanacheza karnivali yao majumbani, kwa barakoa. Watumwa walipopata uhuru kamili mwaka 1838, barabara ikawa yao.

Wanawake wa tabaka la chini waliotawala barabara hiyo waliitwa jamette. Inaelezwa neno hilo limetokana na lile la Kifaransa la mstari unaoigawa duara katikati: hawa ni wa chini ya mstari, nje ya watu wa heshima. Waliimba, walipigana kwa fimbo, walikata viuno, na magazeti ya wakati wao yaliwaandika kama uchafu. Mwaka 1881 Kapteni Baker, mkuu wa polisi, aliamua kuwakomesha watu wa mienge na fimbo. Walipigana naye mjini Port of Spain. Mwaka 1884 sheria ikabana ngoma. Watu wakapiga mianzi. Mianzi nayo ikabanwa, wakapiga vyuma, na kufikia miaka ya 1940 pipa la mafuta lilikuwa limeshakuwa chombo cha muziki chenye noti zake. Nilipokuwa natembea nimejaa tope nyuma ya mapipa hayo, nilikuwa nawawaza hao jamette. Nilikuwa nawaza pia nyumbani.

Maana nyumbani walikuwa wananingoja. Nilipomwambia mama kwamba nakwenda kucheza Karnivali na nikamweleza vazi lilivyo, alinyamaza kwenye simu kwa muda, kisha akasema: "Mwanangu, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Sikumjibu. Mama yangu amenilea kwa sitara, na sitara hiyo imenisaidia mahali pengi; nikiwa nyumbani kwake navaa kama anavyotaka, kwa moyo mkunjufu. Lakini neno lile lilinichoma kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimeshalisema mbele ya kioo. Kwenye begi nikatia kanga yake moja, ya pamba nzito, jina lake *Mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika*, nikapanga kujifunga kila nitakapokuwa sichezi.

Ila mama siye peke yake aliyenifunza mwili. Nilipovunja ungo, shangazi yangu ndiye aliyekuwa somo yangu. Chumba kimefungwa, madirisha yamewekewa magunia, mwanamume haruhusiwi kukaribia hata uani. Wanawake wa kila umbo, bibi vizee wenye matiti yaliyolala, wajawazito, wembamba kama ufito, wote wamejifunga kanga moja tu, wanakata viuno mbele ya mwari. Shangazi aliniwekea kikombe cha maji begani, akaniambia nizungushe kiuno bila tone kumwagika. Kiuno kinakwenda, bega limelala. Ilinichukua siku nne. Bi Kidude wa Unguja aliitoa ngoma hiyo vyumbani, akaipandisha majukwaani mpaka Ulaya, naye ni mzee kabisa. Wapo waliomlaumu kwa hilo, mimi nimemshukuru siku zote. Nilikuwa nimejaliwa elimu kamili ya kuufurahia mwili wangu, nikaipata nikiwa na miaka kumi na tatu, kutoka kwa mabingwa, kisha nikaiacha kule kule chumbani na mlango ukafungwa.

Jumatatu mchana, tope limeshaoshwa, mwenzangu alikuwa ananifundisha *wining*, kukata kiuno kwa mtindo wao, uani kwa Tantie. Alinionyesha mara moja. Nikafanya. Akaacha mdomo wazi. Tantie akaweka chini bakuli la mbaazi alizokuwa anazimenya, akasema nirudie. Nikarudia, bega limelala. Akaniuliza nimejifunzia wapi. Nikamwambia, kwa shangazi yangu, Tanga, kwa kikombe cha maji. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi hujaja kujifunza, umekuja kufanya."

Jumanne ndiyo siku yenyewe. Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa nimeshaamka, taiti mbili, raba za zamani nilizozibandika vito, mkanda wenye sponji, sidiria iliyofunguliwa na kuungwa. Mabawa yalikuwa kwenye fremu ya waya inayokaa mabegani, mazito kama mtungi wa maji, na upepo ukiyashika yanakuyumbisha. Nilijifunga kanga ya mama juu ya yote. Mlangoni Tantie akaifungua, akaikunja mara nne, akaiweka kwapani mwake. Nitakuletea huko, akasema.

Watu wasiocheza hudhani ni raha tangu mwanzo mpaka mwisho. Kuna kungoja kwingi sana. Malori yenye spika yamepanga mstari, sehemu yetu iko nyuma ya sehemu nyingine saba, jua limesimama utosini, tunakula kwenye visahani tumesimama. Nilipata muda wa kuwaangalia wenzangu. Kwenye picha za matangazo nilizoziona mtandaoni wakati wa kujiandikisha wote walikuwa wasichana warefu, wembamba, weupe weupe. Hilo liliniudhi na bado linaniudhi, kwa sababu barabarani sivyo ilivyo. Kushoto kwangu palikuwa na mama aliyekatwa titi moja. Kikombe chake cha upande huo kilikuwa bapa, kimepambwa kuliko kile kingine. Mbele yangu bibi mwenye mvi anavaa miwani ya macho chini ya taji. Wanawake ndio wengi. Wamekuwa wengi tangu miaka ya 1970 na 1980, walipoanza kushika mishahara yao. Na bei nayo niiseme: vazi moja ni fedha nyingi, mishahara ya miezi kwa watu wengi wa pale pale, na Tantie, aliyecheza mas, yaani Karnivali ya mavazi, tangu usichana wake, sasa huangalia kutoka kando ya barabara. Inanikera kwamba watu waliozaa kitu hiki wanashindwa kukilipia.

Kuna wanaolalamika pia kuhusu bikini na manyoya. Wanakumbuka kazi za Peter Minshall, mbunifu wa mavazi ya Karnivali, ambaye vazi lake moja lingeweza kusimulia kifo na mto na dhambi, na wanaona siku hizi ni nguo za ndani zenye shanga. Nimeziona picha za kazi za Minshall, nawaelewa. Ningependa na mimi siku moja nivae kitu chenye hadithi. Lakini mwaka huo mwili wangu ulihitaji kuguswa na hewa. Nilikuwa nimeufunika zaidi ya mwaka mzima.

Njia ya kupanda jukwaa la Savannah ni mwinuko mrefu, na hapo ndipo watu wanapobadilika. Soga zinakwisha. Kila mtu anaweka taji sawa, anakaza mkanda. Lori likapita pembeni, muziki ukafunguliwa, na wimbo ulipoanza, watu mia kadhaa wakakimbia kwa pamoja. Mimi sikuwa nimekimbia tangu nilipopasuliwa. Nilikimbia. Mapaja yalisuguana, mabawa yalivuta nyuma, mbao zilitetema chini ya raba, na tumbo langu lilikwenda nami, juu chini, juu chini, zito, limelowa jasho, linang'aa. Katikati ya jukwaa nilisimama, nikainamisha magoti, nikaanza kuzungusha. Bega likalala lenyewe. Sikuona kamera, ingawa zilikuwepo. Niliona mikono yangu mbele yangu, na jua, na mgongo wa yule bibi wa miwani ukizunguka kama jiwe la kusagia. Hakuna kioo barabarani, kwa siku mbili nzima sikujiona. Nilikuwa nausikia tu mwili: nyonga ya kulia ina nguvu kuliko ya kushoto, pumzi inatoka chini kabisa, kovu linawasha kidogo kwa chumvi ya jasho, sponji inalilinda. Nilipiga kelele. Sijui nilisema nini, mwenzangu anasema ilikuwa Kiswahili.

Mwaka 2009 Fay-Ann Lyons alipanda majukwaa ya Trinidad akiwa mjamzito, tumbo mbele, akazoa mataji ya muziki wa soca na ya wimbo wa barabarani kwa mpigo mmoja. Calypso Rose alikuwa mwanamke wa kwanza kutwaa taji la kalipso, mwaka 1978, hata jina la shindano likabadilishwa lisiwe tena la mfalme; na alikuwa bado anapanda jukwaani akiwa na miaka 78. Habari hizi Tantie alinipa jioni ile, miguu yangu ikiwa kwenye beseni la maji ya chumvi. Alikuwa amenipata mwisho wa njia kama alivyoahidi, kanga kwapani. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba naihitaji.

Jumatano ya Majivu asubuhi mji ulikuwa kimya, manyoya yamelala kwenye mitaro, watu wanatoka kanisani na alama ya msalaba kwenye paji la uso. Baadaye nusu ya Port of Spain huhamia pwani ya Maracas, kule ng'ambo ya milima, kupoza mwili. Tulikwenda na sisi. Tukanunua mkate wa kukaanga uliojazwa papa, pilipili na ukwaju, nikala miwili. Tantie aliuliza kanga imeandikwaje. Nikamtafsiria, kuhusu mapenzi na kikohozi. Akaikunja, akaiweka chini ya kichwa, akalala kwenye kivuli cha mnazi.

Kulikuwa na kitu kimoja nilichokifanya usiku uliotangulia na nilikuwa nakiogopa. Video ya jukwaani, sekunde kumi na moja, nilikuwa nimemtumia mtu mmoja tu wa nyumbani, somo yangu. Familia walijua nimepasuliwa. Hakuna aliyewahi kuliona kovu. Nilikuwa nimevaa nguo ya kuogelea ya vipande viwili, maji yananifika magotini, simu mkononi ndani ya mfuko wa nailoni, sauti yake ilipoingia. Nikaiweka sikioni.

"Nimekuona," alisema. "Bega la kushoto linatikisika, kikombe kingemwagika hicho, ukija nitakurekebisha. Kiuno nimekipenda. Mama yako nimemwonyesha, ameangalia mara tatu, hajasema kitu, ameomba nimrushie. Na hilo kovu lipake mafuta ya nazi ukitoka baharini, chumvi isije ikalikausha."